Pale Jinroku Anapokula Wali

Uvumi wenyewe uliletwa na mteja aliyekuja nimpunguzie binti yake sketi ya shule kiunoni. Alisema upande wa pili wa mlima kuna mtoto alikanyaga msumari wa bati, akatembea nao hadi shuleni, akaimba mstarini na wenzake, akaingia darasani, na mwalimu ndiye aliyeona damu sakafuni akauliza ni ya nani. Mtoto akainua mguu wake, akautazama msumari, akasema, "Kumbe."

"Anaangalia ile katuni ya Jinroku huyo," mteja akasema. "Wote wanaoangalia Jinroku wamekuwa hivyo. Hawasikii maumivu."

"Uvumi wa mlimani ukishuka huwa umenenepa," nikamwambia.

"Haya mama. Sketi nitaifuata Ijumaa."

Akaenda zake, mimi nikabaki na lile neno limekaa pale kwenye cherehani. Mtu akitunga uongo kuhusu mtoto na msumari, atatunga kilio, atatunga damu ndoo nzima. Nani anatunga "kumbe"?

Nilikuwa na sababu ya kukosa amani. Minza, binti yangu, alikuwa anaangalia Jinroku kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nampa. Minza ana selimundu. Damu yake inajikunja, inakwama kwenye mishipa, na ikikwama mtoto anashika miguu analia mpaka majirani wanazima redio. Dawa ya kuponya kabisa imeshapatikana, lakini inatolewa kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa haijafika. Sasa tangu aanze Jinroku, Minza alikuwa hajalia hata mara moja. Analala, anakula, anacheka. Nilipeleka sadaka ya shukrani kanisani. Niliwaambia watu Mungu amesikia.

Halafu nikachaguliwa kwenye kamati ya wazazi ya kuipima katuni ile ile.

*

Tulikalishwa kwenye ukumbi wa kata, wazazi wa mitaa mbalimbali. Aliyetusimamia ni Bwana Kweka, afisa kutoka ofisi ya vibali, mtu wa shati jeupe na maneno taratibu. Akatugawia kila mmoja ukindu. Ukindu ni mkanda mwembamba kama jina lake, unaupitisha nyuma ya masikio hadi kisogoni, unanata wenyewe; wa Minza upo nyumbani, ila mimi nilikuwa sijawahi kuuvaa.

"Waheshimiwa, msiogope," akasema. "Huu unazungumza na mishipa ya fahamu hapo shingoni. Jinroku akiruka, nanyi mtasikia upepo. Akipigwa, mtasikia kusukumwa, basi. Maumivu unayalaza ili mtoto asiumie kwa ngumi ya katuni. Mkimaliza mniambie jambo moja: ipite, isipite, au ipite kwa masharti."

Taa zikazimwa. Sauti ya DJ Budodi ikajaa ukumbi, maana katuni ile ilikuwa imetafsiriwa na Budodi wa banda la video la mtaani kwetu, na hiyo hiyo ya Budodi ndiyo iliyoombewa kibali cha Kanda ya Ziwa nzima.

"Huyu anaitwa Jinroku Mvunja Anga," Budodi akasema. "Kwao wakikosa kuni wanamtuma akavunje msitu. Wazazi mliokaa karibu na ukuta, sogeeni."

Siwezi kusema haikunifurahisha. Jinroku ni kijana mwembamba mwenye nywele zilizosimama kama ufagio wa nje. Anapigwa na jitu la chuma, anapita kwenye nyumba, anapita kwenye mlima, anatokea upande wa pili anajipangusa vumbi begani. Anang'oa reli. Anashika treni kwa mkia, anaizungusha, anairusha hadi mwezini, na ndani ya treni abiria wanapiga makofi. Kila ngumi ina jina lake na lazima alitaje kwanza, hata kama adui anamkaba. Ya mwisho inaitwa Ngumi ya Mbingu Kupasuka. Alipoitaja, nilisikia joto kisogoni, halafu mwili wangu wote ukawa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Anga likapasuka. Budodi akasema, "Kwaherini, na mliolipa na ambao hamkulipa." Taa zikawashwa.

"Pale kwenye treni wamekosea," akasema Mzee Lutonja, ambaye alikuwa dereva wa treni hadi alipostaafu. "Behewa la mwisho huwezi kulishika vile. Kiungo kinang'oka, unabaki na behewa moja mkononi."

"Mzee, mtu kairusha mwezini, wewe unasumbuliwa na kiungo," akasema Mama Sayi, jirani yangu muuza vitumbua.

"Mwezini anaweza kufika. Nasema kiungo."

Tukacheka. Chai ikaletwa na binti wa mgahawa, na vitumbua vya Mama Sayi mwenyewe. Tulikuwa tunazungumza kelele zimezidi au hazijazidi, watoto wataiga au hawataiga, na tunakunywa. Yule binti akawa amesimama na birika mkononi anatutumbulia macho.

"Vipi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Hiyo chai imetoka jikoni sasa hivi," akasema. "Ilikuwa inachemka."

Nikatazama kikombe changu. Kilikuwa nusu. Mvuke ulikuwa unapanda. Mzee Lutonja alikuwa ameshamaliza chake anaomba kingine. Nikagusa ulimi kwa kidole, ukawa unakwaruza kama kitambaa cha kaniki mpya, na sikusikia kitu. Kisha nikakumbuka mgongo wangu. Kazi ya cherehani imenipa mgongo ambao hauniachi hata nikilala. Haukuwepo.

Bwana Kweka akasema, "Basi tukutane Jumamosi mtoe kauli." Naye midomo yake ilikuwa imeiva myekundu na alikuwa anatabasamu.

*

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Budodi. Nilimkuta bandani anapanga mabenchi, vipokea sauti vimemning'inia shingoni.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Budodi."

"Umekuja kuniambia nimepata ngapi?"

"Nimekuja kuuliza. Ile katuni huko ilikotoka inaishia pale pale? Anga linapasuka, kwaherini?"

Akacheka. "Huko ina mkia, mama. Akishamaliza kupigana anarudi kwao. Mama yake anampikia wali. Anakaa jikoni anakula tonge moja moja, mama anamwosha vidonda, yeye kila saa, aa, hapo panauma. Hakuna ngumi, hakuna hata nzi anayeruka. Ndefu hiyo. Wateja wangu wakiona mtu anakula wali wanaanza miluzi."

"Ukakata."

"Nakata zote. Marehemu baba alikuwa anakata, kaka yangu anakata. Za mapenzi tunakata kubusiana, za ngumi tunakata kula. Ndiyo kazi yenyewe."

"Nionyeshe hicho kipande."

"Utalala."

"Nionyeshe, baba."

Akakitafuta, akanivika ukindu. Hakuna maneno ya Budodi pale, ni sauti tu za jikoni: sufuria, maji, mtu anavuta kigoda. Jinroku amekaa chini. Mama yake, mwanamke mfupi, hamwambii chochote. Anampakulia. Kijana anachukua tonge la kwanza, anameza, na ulimi wangu ukawaka moto.

Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Tonge la pili, mgongo ukarudi. La tatu, goti. Kisha kidole nilichojichoma sindano asubuhi. Kila mama alipogusa kidonda cha mwanawe, kitu changu kimoja kilirudi mahali pake, polepole, kama mtu anayerudisha vyombo kabatini. Ndipo nikaelewa. Vita vinalaza, jiko linaamsha. Waliotengeneza walivishona pamoja, na sisi huku tumepokea nusu ya nguo.

Budodi alikuwa ananiangalia. "Mama Minza, mbona machozi? Ni wali tu."

"Chai," nikamwambia. "Niliungua na chai. Unajua ulichokata?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye benchi. Alivua vile vipokea sauti shingoni, akavivaa tena, akavivua.

"Mimi huwa sivai ukindu," akasema. "Nikiwa natafsiri unanichanganya. Mimi nilijua anakula tu."

"Nitumie hicho kipande kwenye simu," nikasema, na nilikuwa nimeshasimama, maana nilikuwa nimekumbuka Minza asubuhi ile alivyokataa uji.

*

Alikuwa amelala mkekani, ukindu kisogoni, anatabasamu. Nilimgusa paji la uso nikaondoa mkono. Alikuwa anahema kwa haraka, pumzi fupi fupi, na weupe wa macho umekuwa wa manjano.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi."

"Kifua?"

"Siumwi popote, mama. Ngoja kwanza, anataja ngumi."

Nikambonyeza mbavu. Siku nyingine angeruka. Aliendelea kutazama katuni yake.

Nilimbeba mgongoni hadi kwenye kibebeo cha waya kinachoshusha watu kutoka mlimani, tukafika hospitali. Daktari alikuwa dada mdogo wa miwani, Dokta Nyanjige. Alimsikiliza kifua mbele, akamsikiliza nyuma, akarudi tena mbele.

"Analia tangu lini?"

"Hajalia, daktari."

"Mapafu yako hivi na hajalia?"

"Hajalia."

Nikamwambia yote, ukindu, chai, wali. Sikujua kama ataniamini. Alinisikiliza huku anafunga oksijeni, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo ninayo: "Angelia juzi, mngekuja juzi."

Walimwekea dripu. Vipimo vikapelekwa. Dokta akawa anamgusa Minza nyonga, tumbo, kichwa, anauliza hapa je, hapa je, na mtoto anatikisa kichwa kila mara, ana heshima zake, "hapana dokta, hapana dokta."

Akanivuta pembeni. "Kifua nakiona. Lakini damu inaweza kuwa imekwama na kwingine, na kama ni kichwani sitakiwi kusubiri picha, foleni ya mashine ni ndefu. Ule mkanda ukivuliwa tu, ganzi inachukua muda gani kuisha?"

"Bila ule wali, mgongo wangu ungekaa vile hadi kesho, nadhani."

"Kesho ni mbali."

Hakuniambia nifanye nini. Alinitazama tu, halafu akatazama simu yangu.

Jamani, mimi nimemzaa. Kazi yangu yote tangu aanze kutambaa imekuwa kumwondolea maumivu: maji ya uvuguvugu, blanketi, kumsugua miguu huku ninaimba. Nilimvika ukindu kwa mkono wangu. Akafurahi, akajua ni ngumi. Nikaweka kile kipande cha jikoni, nikamshika mkono.

"Mama, huyu mbona anakula?"

"Tazama, mwanangu."

Tonge la kwanza halikufanya kitu. La pili, macho yake yakatoka. La tatu alipiga ukelele hadi wagonjwa wa wodi nzima wakainuka vitandani. Alinivuta mkono, akasema zima, mama zima, na mimi sikuzima. Dokta Nyanjige alikuwa ameinama juu yake anauliza wapi, Minza, nionyeshe wapi. Akaonyesha kifua. Akaonyesha nyonga ya kushoto. Kisha akaweka kiganja juu ya jicho la kulia, akakibonyeza hapo.

"Basi," dokta akasema. "Inatosha. Zima." Akaita watu, wakamsukuma mbio kwenye mashine bila kufuata foleni.

Damu ilikuwa inaanza kukwama kichwani. Waliwahi. Wakambadilishia damu, wakampa dawa za maumivu za hospitali, zile ambazo hupunguza bila kufuta.

Siku zilizofuata kitanda cha jirani alikuwepo Mama Ng'wasi na kijana wake, naye selimundu. Alikuwa amesikia kila kitu. Siku moja mchana, watoto wamelala, akanisogelea.

"Wewe uko kwenye kamati."

"Niko."

"Mwanangu amefanya mtihani mwaka huu. Kwa mara ya kwanza ameufanya hadi mwisho, kwa sababu ya hiyo Jinroku. Ukisema isipite, unamrudisha wapi?"

"Wangu nusura afe, dada."

"Wako. Mimi wangu ninamtazama. Ninampima homa asubuhi na jioni. Usituzimie taa sote kwa sababu nyumbani kwako iliunguza."

Nikamfunika Minza miguu. Yule mwanamke hakuwa mjinga, na alilosema lilikuwa kweli kwake.

Na Minza hakuwa amelala. Mama Ng'wasi alipoondoka alisema bila kugeuka, "Mama, wakikuuliza Jumamosi, sema ipite."

"Minza."

"Wewe hujui inavyouma. Unaniona tu. Sema ipite."

*

Jumamosi nilikwenda. Budodi naye aliitwa, na kile kipande cha jikoni alikuwa ameshamtumia Bwana Kweka. Nilieleza, na Mama Sayi akaonyesha ulimi wake uliochubuka mbele za watu, na Mzee Lutonja akasema na wake pia.

Bwana Kweka alikuwa amefikiri. "Basi jibu lipo," akasema. "Bwana Budodi arudishe jiko. Ipite kwa masharti. Watoto wafurahie, wagonjwa wapate nafuu, ganzi iondoke mwishoni kama ilivyokusudiwa."

"Nitarudisha," Budodi akasema. "Kila neno, kila tonge. Sitakata tena chakula cha mtu."

Watu wakapumua. Hata mimi nilitaka kupumua. Lilikuwa jibu zuri, kila mtu anatoka nalo na kitu mkononi.

"Bwana Kweka," nikasema, "wewe ulipoona kipande cha jikoni, ulikimaliza?"

Akakohoa.

"Uliuvua ukindu lini?"

"Tonge la pili," akasema.

"Mimi nilikimaliza kwa sababu nilikuwa natafuta jambo. Mtoto anatafuta nini? Ameruka majabali, ameteguka, hajui. Anga limepasuka. Anajua Jinroku akianza kula wali, maumivu yanakuja. Atakaa? Atavua, atarudisha mwanzo, ataanza tena. Kule ilikotoka labda wanakaa, sijui, sijafika. Huku tumewafundisha sisi wenyewe kwamba mtu akianza kula, sinema imeisha."

Budodi akainamisha kichwa.

"Na wagonjwa?" Mzee Lutonja akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Binti yako mwenyewe je, mama?"

"Binti yangu ameniomba niseme ipite."

Nilifikiri juu ya Minza akitatizika na blanketi, na mimi nimekaa pale sina cha kumpa zaidi ya maji ya uvuguvugu. Nilijua nikifungua mdomo ninamchagulia yeye na kijana wa Mama Ng'wasi na watoto ambao sitawaona kamwe.

"Isipite," nikasema.

Wengine walifuata, si wote. Ikazuiwa.

Minza alirudi nyumbani. Mara ya kwanza maumivu yalipomjia, alilia akiwa amenigeuzia mgongo, na nilipomshika mguu kumsugua aliuvuta. Baadaye akauacha. Aliniuliza, "Ingekuwa wewe, ungeuvua ukindu?" Nikamwambia nisingevua. Nadhani hilo ndilo lililomfanya anisogelee kidogo.

Lakini kuzuia kitu ofisini na kukizuia mtaani ni mambo mawili. Nakala za zamani za Budodi, zile zinazoishia anga linapopasuka, zinapita mkono kwa mkono hadi leo, na yeye mwenyewe akipita kuziomba wenye nazo wanaficha. Ndiyo sababu nimeandika. Wewe mzazi, epuka haya:

Usipokee nakala ya Jinroku, hasa isiyokuwa na jiko, hata akikupa ndugu.

Usimpe mtoto ukindu ukaondoka. Akiuvaa, kaa.

Usimruhusu kupanda majabali wala kukaa karibu na moto siku aliyoangalia.

Usipime joto la maji yake ya kuoga kwa mkono wako kama na wewe umeangalia.

Usimvalishe ukindu mtoto mwenye homa.

Usikubali "siumwi" kwa neno tu. Mtazame macho, mbavu, pumzi.

Kama mtoto wako ni mgonjwa wa siku zote, usifurahi haraka akinyamaza. Mimi nilitoa sadaka.

Usimwambie mtoto anayelia anyamaze kwanza. Mwulize wapi, na usiondoke mpaka amekuonyesha.